Pingili ya Mgongo Imebonyea: Mwongozo wa Kupona kwa Mazoezi

Wengine husikia mlio mdogo, "ka!", wakiwa wameinama kuinua ndoo. Wengine walipiga chafya tu, au walijitupa kwenye kiti kwa kishindo. Wengine hawakumbuki chochote: waliamka asubuhi mgongo umekaza kama umefungwa chuma, wakadhani wamelala vibaya. Baadaye picha ya eksirei ikaonyesha pingili moja imebonyea upande wa mbele, haifanani tena na tofali bali na kabari ya kuzuilia mlango.

Huo ndio mvunjiko wa mgandamizo. Pingili haikukatika vipande viwili kama mfupa wa mguu. Imesagika ndani kwa ndani baada ya kuzidiwa na uzito. Mara nyingi chanzo ni mifupa iliyopungua na kuwa na matundu-matundu, hali inayoitwa osteoporosisi, ingawa kuanguka kutoka juu au ajali ya gari huvunja hata pingili yenye afya. (Natumia neno pingili makusudi. Ukisema "uti wa mgongo" baadhi ya watu hufikiria ile homa.) Kati ya pingili 24 zinazocheza, yaani 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, zinazobonyea zaidi ni zile za pale kifua kinapokutana na kiuno, zikifuatiwa na za katikati ya kifua. Kiasi cha theluthi mbili ya mivunjiko hii haigunduliwi inapotokea, kwa sababu mtu hujisemea ni mgongo tu, au ni uzee.

Jambo moja lieleweke mapema. Pingili iliyobonyea hairudi kimo chake. Itaunga yenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki 6 hadi 12, ufanye mazoezi usifanye. Sasa mazoezi ni ya nini? Ni ya kuilinda pingili ya pili. Kabari moja huuinamisha mgongo mbele. Mgongo ukiinama, uzito wa kichwa na kifua huangukia sehemu za mbele za pingili jirani. Nazo zikibonyea, kibiongo kinakua na mzigo unazidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, karibu mwanamke mmoja kati ya watano waliokuwa wamevunjika pingili alivunjika nyingine ndani ya mwaka mmoja tu. Kila utakachosoma hapa chini kinapigana na mwaka huo wa kwanza.

Kabla ya zoezi la kwanza

Usianze kwa kukisia. Picha ya eksirei iliyopigwa kutoka ubavuni huonyesha umbo la kabari, lakini mara nyingi haiwezi kusema kama mvunjiko ni wa wiki iliyopita au wa miaka mitano nyuma. Hiyo ni kazi ya kipimo cha MRI, ambacho huonyesha majimaji ya uvimbe ndani ya mfupa uliovunjika karibuni. Muulize daktari maswali mawili. La kwanza: je, mvunjiko ni imara, maana yake ukuta wa nyuma wa pingili, ule unaopakana na mfereji wa neva, uko salama? La pili, ambalo watu hulisahau: je, kweli chanzo ni osteoporosisi? Saratani iliyosambaa kwenye mifupa, saratani ya uboho na kifua kikuu cha mgongo, vyote vinaweza kubonyeza pingili, na hakuna zoezi linalotibu hayo.

Nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje kesho, ukiona ganzi sehemu za siri na kwenye makalio (pale panapogusa tandiko la baiskeli), ukishindwa kukojoa au kuzuia haja, au miguu ikianza kulegea. Homa, kukonda bila sababu, au maumivu yanayozidi usiku hata ukiwa umelala kimya, nayo yanahitaji daktari kabla hujagusa mazoezi.

Ukisharuhusiwa, tafuta mtaalamu wa fiziotherapia akuone hata mara mbili tatu tu. Mwongozo wa kusoma hauwezi kukuona ukiinama.

Hatua ya kwanza: siku za kitandani, nazo ziwe chache

Kulala kunapunguza mzigo juu ya pingili, ndiyo maana siku mbili tatu za mwanzo mwili wenyewe hukutaka ulale. Lakini kitanda ni kama dawa, kina kipimo chake. Mtu mzima akilala wiki nzima misuli ya mapaja huanza kuisha, mifupa nayo huendelea kupungua, damu huweza kuganda miguuni, na mapafu hujaa makohozi. Lenga kuinuka na kutembea hatua chache kila siku tangu siku ya kwanza au ya pili, hata kama ni kwenda chooni na kurudi.

Ukilala chali, weka mto chini ya magoti na mto mmoja wa wastani chini ya kichwa. Kurundika mito mitatu kichwani huonekana ni huruma, kumbe kunaukunja mgongo palepale palipovunjika. Ukilala ubavu, weka mto katikati ya magoti. Badilisha mkao kila baada ya saa moja au mbili unapokuwa macho.

Kuhusu dawa za maumivu, wengi huona ni ushujaa kuvumilia. Sikubaliani nao. Mtu mwenye maumivu makali hapumui kwa kina, hageuki, hatembei, na hapo ndipo madhara ya kulala yanapomkuta. Meza dawa uliyoandikiwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kuinuka au kufanya mazoezi, ili ikukute unaihitaji. Tahadhari moja: dawa kali za jamii ya mofini hufunga choo, na kujikamua chooni ni mzigo mkubwa kwa pingili mbichi. Omba dawa ya kulainisha choo mapema, kunywa maji, na ukikaa chooni weka miguu juu ya kigoda kifupi huku mgongo ukiwa umenyooka.

Mazoezi ya siku hizi ni madogo, na yanafanywa ukiwa umelala. Vuta pumzi ndefu puani mpaka uhisi mbavu zinatanuka pembeni, toa taratibu mdomoni. Mara 5, kila saa. Vuta vidole vya miguu kuelekea kwako kisha visukume mbali, mara 20, damu izunguke. Kaza mapaja kwa kusukuma nyuma ya goti dhidi ya godoro, hesabu hadi 5, achia. Kaza makalio vivyo hivyo.

Hatua ya pili: kujifunza upya kuinuka, kuketi na kuokota

Hapa ndipo ningependa usome polepole. Zoezi unalifanya kwa dakika 20 kwa siku. Kuinama unakufanya mara mia bila kuhesabu. Mtu anayefanya mazoezi vizuri asubuhi halafu akafunga kamba za viatu kwa kujikunja kama jongoo amebomoa alichojenga.

Kutoka kitandani, bingirika kama gogo. Kunja magoti yote mawili, nyayo zikiwa godoroni. Geuza mabega, nyonga na magoti kwa pamoja, kwa wakati mmoja, mpaka ulale ubavu. Kiuno kisitangulie wala bega lisibaki nyuma. Teremsha miguu nje ya kitanda na papo hapo sukuma godoro kwa kiganja cha mkono wa juu na kiwiko cha mkono wa chini. Uzito wa miguu ukishuka, kifua kinapanda chenyewe, kama mizani ya vibao viwili. Kaa ukingoni, pumua mara tatu nne, kizunguzungu kiishe, ndipo usimame. Kurudi kitandani ni kinyume chake: keti, lala ubavu, pandisha miguu, bingirika. Kosa la kawaida ni lile la kunyanyua kichwa na kifua ukiwa chali ili "kukaa tu haraka". Huko ni kukunja mgongo kwa nguvu zote za tumbo, na ni moja ya mienendo mibaya kuliko yote kwa pingili iliyobonyea.

Kusimama kutoka kwenye kiti: sogea mbele mpaka ukingoni, rudisha nyayo nyuma kidogo ya magoti, pua ielekee mbele ya vidole huku mgongo ukiwa umenyooka, kisha sukuma kwa mapaja. Kuketi, tafuta kiti kwa nyuma ya miguu kwanza, peleka makalio nyuma, shuka polepole. Kujiangusha kitini hakufai. Ule mshindo unafika mpaka kwenye mfupa.

Sasa somo kubwa, kuinama kwa nyonga badala ya mgongo. Chukua fimbo au mpini wa ufagio, uweke wima mgongoni uguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa wa juu ya makalio. (Mwenye kibiongo huenda kisogo kisifike. Asikilazimishe, sehemu mbili za chini zinatosha.) Legeza magoti, sukuma makalio nyuma kana kwamba unafunga mlango kwa matako huku mikono imejaa. Kifua kitashuka mbele, lakini fimbo isiachie hata sehemu moja. Ikiachia, umeinama kwa mgongo. Fanya mara 8, mara mbili kwa siku, mpaka siku utakapojikuta unafanya hivyo bila fimbo mbele ya sinki.

Mengine ni kutumia ujuzi huohuo. Viatu: keti, pandisha mguu juu ya paja la pili au juu ya kigoda, usiufuate chini. Kupiga mswaki: mkono mmoja ushike ukingo wa sinki, mguu mmoja mbele, temea kwa kuinama nyonga. Kitu kilichoanguka: piga goti moja huku umeshika kiti, au kiache mpaka mtu apite. Mzigo: uwe mwepesi, uukumbatie karibu na kitovu, na ukigeuka geuza miguu, usijipinde kiuno. Daktari wako ndiye atakayekuambia kilo ngapi na lini. Wiki za mwanzo vitu vya jikoni vinatosha.

Na chafya? Inakuja bila hodi. Ukihisi inakuja, shika meza au ukuta, au bandika kiganja kimoja mgongoni kiunoni, kaza tumbo, na upige chafya kifua kikiwa juu. Jambo dogo, ila kuna waliovunjika pingili kwa chafya.

Hatua ya tatu: mazoezi ya chali

Maumivu makali yakianza kupungua, wengi kati ya wiki ya pili na ya sita, ongeza haya. Lala chali juu ya godoro gumu au zulia kama unaweza kushuka na kuinuka salama, magoti yamekunjwa, nyayo chini.

Anza kwa kulala hivyohivyo tu dakika 5, mikono imefunguliwa pembeni viganja vikitazama juu, uache kifua kifunguke. Ndani ya wiki chache fika dakika 15 hadi 20 kwa siku. Linaonekana si zoezi, na ndiyo maana watu huliruka. Lakini huu ndio wakati pekee katika mchana ambapo mgongo unanyooka bila kubeba kichwa.

Kisha, ukiwa palepale, sukuma kisogo kwenye mto taratibu, kidevu kikiingia ndani kidogo, hesabu hadi 5 na uachie. Fuata na mabega: yasukume chini kwenye sakafu huku ukiyavuta yakaribiane nyuma. Halafu mikono yote, kuanzia mabega hadi viganja. Kila kimoja mara 5 mwanzoni, 10 baadaye. Baada ya hapo kaza tumbo la chini kana kwamba unavuta kitovu mbali na mkanda wa suruali, bila kubana pumzi. Ukishindwa kuongea, unakaza mno. Ukilishika hilo, endelea kukaza huku ukiteleza kisigino kimoja mbele mpaka mguu unyooke na kukirudisha, kwa zamu, kiuno kisitikisike.

Daraja, yaani kunyanyua makalio, liache mpaka kugeuka kitandani kusikuume tena. Nyanyua kiasi cha kupitisha ngumi chini ya makalio. Ukipanda juu zaidi uzito unahamia shingoni na mabegani.

Utajuaje kama umezidisha? Mimi hutumia kipimo cha 0 hadi 10. Maumivu yakipanda hadi 3 au 4 wakati wa zoezi na yakashuka yenyewe baada ya saa moja, endelea. Yakibaki mpaka kesho asubuhi, punguza nusu. Yakiwa ya kuchoma ghafla pale pingilini, au yakikimbia kuzunguka mbavu au kushuka mguuni, acha siku hiyo na umjulishe mtaalamu wako. Uchovu wa misuli ya kati ya mabega ni kitu kingine kabisa. Huo ni ujira wa kazi.

Kutembea

Anza na dakika 5, mara tatu au nne kwa siku, juu ya sakafu tambarare. Kila siku mbili tatu ongeza dakika moja au mbili. Ukifika dakika 30 kwa jumla umefanya vizuri. Baadaye unganisha safari ndogo ziwe moja ndefu. Ukitumia fimbo au kitembezi, mpini ulingane na mkunjo wa kifundo cha mkono ukiwa umesimama mikono imening'inia. Fimbo fupi hukufanya uiname, na ukiinama fimbo imekuwa adui. Nawe usidanganyike: kutembea ni kuzuri kwa moyo, miguu na usingizi, lakini peke yake hakujengi misuli ya mgongo wala hakuongezi mfupa kwa kiasi cha maana. Ndiyo maana kuna hatua inayofuata.

Mkanda wa mgongo

Ukiandikiwa, uvae unapokuwa umeketi au umesimama, uvue ukilala, na ujue tarehe ya kuuacha, kwa kawaida kati ya wiki 6 na 12. Unasaidia maumivu kwa baadhi ya watu. Ushahidi kwamba unaharakisha kuunga kwa mfupa ni dhaifu. Anayeuvaa mwaka mzima anaipa misuli yake likizo isiyo na malipo.

Hatua ya nne: misuli ya nyuma

Kuanzia wiki ya 6 hivi, au mtaalamu anaposema mfupa umetulia, kazi inageuka. Misuli mirefu inayopita pande mbili za pingili ndiyo kamba zinazoshikilia mlingoti usilale mbele.

Mwaka 1984 daktari Mehrsheed Sinaki wa Mayo Clinic, Marekani, na mwenzake walichapisha matokeo ya wanawake 59 wenye osteoporosisi ya mgongo na maumivu. Waliofanya mazoezi ya kunyoosha mgongo nyuma, asilimia 16 walipata mvunjiko mpya. Waliofanya ya kukunja mbele, asilimia 89. Waliochanganya, 53. Wasiofanya lolote, 67. Makundi mengine yalikuwa madogo, kwa hiyo usiziabudu hizo tarakimu. Ila tazama mpangilio wake: waliokunja mbele walikuwa na hali mbaya kuliko hata waliokaa bure. Mwaka 2002 Sinaki na wenzake wakaleta matokeo mengine. Wanawake waliokuwa wameimarisha misuli ya mgongo kwa miaka 2 walipimwa tena miaka 8 baada ya kuacha. Pingili 6 kati ya 378 zilikuwa zimebonyea, dhidi ya 14 kati ya 322 kwa wenzao wasiofanya. Zoezi lao lilikuwa moja tu: kulala kifudifudi, mzigo mgongoni, kunyanyua kifua mara 10, siku 5 kwa wiki.

Wewe usianze na mzigo. Anza ukiwa umeketi ukingoni mwa kiti kigumu: mikono kwenye mapaja, jivute juu kana kwamba kuna uzi utosini, vuta mabega nyuma na chini, hesabu hadi 5. Mara 10. Ukilizoea, simama mgongo ukutani, visigino hatua moja fupi mbele, viwiko vimekunjwa, na upandishe mikono taratibu ukutani bila kiuno kuachana na ukuta mno. Kisha chukua mkanda wa mpira, ufunge kwenye kitasa cha mlango uliofungwa imara, vuta viwiko nyuma kama anayepiga makasia. Seti 2 za mara 8, siku 2 au 3 kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati.

La kifudifudi linafika mwisho. Weka mto chini ya tumbo, si kifua, ili kiuno kisipinde kupita kiasi. Paji la uso likiwa juu ya taulo iliyokunjwa, mikono kando ya mwili, kaza mabega na unyanyue kichwa na kifua kidogo tu, karatasi ipite. Macho yatazame chini. Ukitazama mbele unaikunja shingo nyuma. Shikilia sekunde 3 hadi 5, mara 5, ongeza hadi 10. Asiyeweza kulala kifudifudi alifanye akiwa ameegemeza kiganja na viwiko ukutani. Halipungukiwi sana.

Usisahau miguu. Kusimama na kuketi kitini bila kutumia mikono, mara 8 hadi 10, ni zoezi la mgongo kwa mlango wa nyuma: mwenye mapaja dhaifu huinama kwa mgongo kwa sababu hawezi kuchutama.

Unayopaswa kukataa hata ukiambiwa na rafiki

Kukaa kutoka chali kwa nguvu za tumbo. Kugusa vidole vya miguu. Kuvuta magoti kifuani. Hili la tatu ndilo hatari zaidi kwa sababu limo kwenye karatasi nyingi za "mazoezi ya mgongo" zinazogawiwa watu wenye maumivu ya kawaida ya kiuno. Mtu anakuletea kwa nia njema, nawe unabonyeza pingili kwa nia njema hiyohiyo. Kuinama huku umejipinda upande, hasa ukiwa na mzigo. Kurukaruka. Yoga si mbaya yote, bali mikao ya kujikunja kama mpira haikuhusu. Na mtu yeyote asikukande kwa kukukandamiza wala kukuvunjavunja mgongo mpaka ulie.

Hatua ya tano: usianguke

Simama mbele ya meza nzito au sinki, vidole viwili vimegusa. Weka mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, sekunde 10, badilisha. Ukiona rahisi, simama mguu mmoja. Kisha geuza kichwa polepole kushoto na kulia ukiwa hivyo. Fanya kila siku. Dakika 5 zinatosha, na unaweza kungojea maji yachemke huku unafanya. Nyumbani ondoa mikeka inayoteleza, weka taa kati ya kitanda na choo, vaa viatu vinavyoshika kisigino. Mwambie daktari apitie dawa zako za usingizi na za presha kama zinakupa kizunguzungu.

Dawa ya mfupa wenyewe

Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Pingili iliyobonyea bila ajali kubwa inatosha kukuhesabu kuwa na osteoporosisi hata kama kipimo cha msongamano wa mifupa hakijashuka hadi alama ya -2.5, ambayo ndiyo mpaka wa kawaida wa kuutambua ugonjwa huo. Uliza kuhusu vitamini D, kalisi (watu wazima kwa kawaida huhitaji miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku, chakula kikihesabiwa), na dawa ya kuzuia mfupa usiliwe. Dawa hiyo mara nyingi ni vidonge vya jamii ya bisfosfoneti, navyo humezwa tumbo likiwa tupu kwa glasi nzima ya maji, kisha hutakiwi kulala kwa angalau nusu saa. Kama bado huwezi kuketi nusu saa kwa maumivu, sema, maana ipo aina ya kuchomwa kwenye mshipa. Na ukiwa kwenye sindano za denosumabu, dawa nyingine ya kuzuia mfupa usiliwe, usiruke tarehe wala kuacha bila mpango mwingine. Zikikatizwa ghafla, mifupa hupungua kwa kasi na pingili kadhaa huweza kubonyea kwa mkupuo.

Kujipima

Mara moja kwa mwezi, andika mambo manne kwenye daftari. Kimo chako, bila viatu, ukutani palepale. Umbali wa kisogo na ukuta ukisimama visigino na makalio vimegusa ukuta na macho yakitazama mbele. Ukipungua, kifua kinafunguka. Mara ngapi unasimama na kuketi kwa sekunde 30. Na muda wa kuinuka kitini, kutembea mita 3, kugeuka, kurudi na kuketi; sekunde 12 au zaidi ni ishara kwamba hatari ya kuanguka bado ipo.

Kimo kikishuka kwa sentimita 2 au zaidi, au maumivu mapya yakizuka ghafla mahali tofauti na pa mwanzo, simamisha mazoezi ya hatua ya nne, rudi kwenye ya chali, na uombe picha nyingine. Ichukue na ile ya kwanza siku hiyo. Bila ya kwanza, daktari ataiona kabari asijue kama ni ileile au ni mpya.